Supu ya Kijani ya Mama

Brestovec Gornji,
11 Aprili 2022

Mpendwa Kaka Vjeko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wifi Asta, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Je, baridi ya Malmö imepungua? Hapa theluji iliondoka mapema, miti ya matunda imechanua, na figili zimekomaa bustanini kabla ya wakati wake. Sisi sote ni wazima. Nimeandika neno hilo na kulisoma mara mbili, na sasa nitakwambia kwa nini.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kila nikikupigia, Mama hukaa ubavuni mwangu akingoja zamu yake, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Unakumbuka picha nilizokutumia za mapishi yake tangu majira ya kuchipua yaanze? Mayai yenye viini vya manjano kabisa, figili nyekundu, njegere changa, karoti ndogo na majani yake. Mama hakuwahi kupamba sahani maishani mwake. Shemeji yako Slavko alimtania mezani, "Mama, hii tule au tuitundike ukutani?" Mama akacheka, kesho yake akaongeza rangi nyingine. Mimi nilidhani ni furaha tu.

Jumapili ya tarehe 3 alipanda msituni kuchuma srijemuš, yale majani yanukiayo kitunguu saumu, kama afanyavyo kila mwaka, akatupikia supu ya kijani. Mimi nilikula bakuli moja na Slavko moja. Dunja wangu, na miaka yake saba, alikula mawili.

Baada ya chakula Mama aliteleka maziwa ya kutengenezea uji mtamu wa mchele. Mimi nilikuwa uani nikianua nguo. Harufu ya kuungua ikanifikia huko huko, nikakimbia ndani. Jikoni kulikuwa kumejaa moshi, naye Mama ameipa mgongo sufuria, anakata figili huku akiimba taratibu.

"Mama, maziwa yanaungua!"

"Maziwa gani?" akaniuliza.

Kaka, moshi wote ule na pua yake haikuwa na habari. Nilitazama beseni lenye majani yaliyobaki. Unajua tulivyofundishwa: fikicha kila jani, linuse, na unawe mikono kila mara, maana jani la kwanza likishakuachia harufu ya kitunguu saumu vidoleni, hata nyasi utaona zinanukia. Nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikaanza kunusa moja moja. La kumi na nne halikuwa na harufu yoyote. Nikapata na jingine.

Nikayapeleka kwa Mzee Bartol wa jirani. Hata kuyashika hakuyashika.

"Mrazovac," akasema. "Hilo ni sumu, ndilo lililoniulia ndama. Nani kala?"

Slavko aliendesha gari kwa kasi ambayo siku nyingine ningemgombeza. Hospitalini walitupa sote mkaa wa dawa tunywe, lakini Dunja ndiye waliyemlaza. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa ule mkaa, na akaniambia, "Mama, mimi sikuwa na njaa ya bakuli la pili. Bibi alikuwa anafurahi nikila." Nikatoka nje nikalia ukutani nisionekane.

Walimweka siku mbili, wakampima damu asubuhi na jioni. Hakikutokea kitu. Mama mwenyewe alikula na hakuumwa. Daktari anasema huenda sumu haikuingia chunguni kabisa, au iliingia kidogo mno. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Tuliporudi nilimwaga chungu mbele ya macho ya Mama. Nilimtolea maneno makali, sitaki kuyarudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tangu mafua ya Januari sisikii harufu. Wala ladha. Chumvi naitia kwa macho."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngenitoa jikoni. Nikitoka jikoni, unataka nikakae wapi? Rangi bado naziona, Nevenka. Ndiyo maana nazitia."

Tumekula rangi zake majuma haya yote, tukazisifu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu.

Aliahidi hatarudi msituni. Ijumaa nilikuta viatu vyake vina udongo mweusi na kucha zake zina ukijani. Ananiambia alikwenda kulisafisha kaburi la Baba. Labda ni kweli. Namwogopa mama yangu akishika kisu, Kaka. Sikuwahi kufikiri nitaandika sentensi kama hiyo.

Sasa wewe unakuja kwa sikukuu ya Jurjevo, na yeye hana habari nyingine ila supu ya Vjeko. Nilimwambia tutengeneze ya mchicha wa bustani, akanitolea macho: "Mtoto atoke Uswidi nimpe mchicha?" Mimi hanisikii tena, ndimi niliyemmwagia chungu. Wewe atakusikia. Mpigie, mwambie una hamu ya kupanda naye msituni, yeye akuonyeshe mahali, wewe uchume, wewe unuse. Usimnyang'anye mwiko. Na tafadhali asijue kwamba nimekuandikia, wala usichelewe kumpigia.

Msalimie sana Wifi Asta, na Zlata mtoto wa mjomba ukionana naye. Slavko na Dunja wanakusalimu, na Mzee Bartol anauliza kama bado unacheza karata. Mwenyezi Mungu awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Nevenka

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha Mama akaniita mezani. Mayai, figili, viazi vipya, na juu yake majani mabichi yaliyokatwakatwa. Niliinama nikayanusa kabla sijajizuia. Yalikuwa ya kitunguu cha bustani tu. Nilipoinua kichwa Mama alikuwa ananitazama. Alivuta sahani yangu, akala kidogo cha kila rangi, akangoja kitambo, kisha akanirudishia.