Tandiko la Maganda ya Mahindi

Zuleha mwenzangu, Badru kakomeshwa leo kwenye mbio za punda hapa Kasulu!

Mjukuu wangu Safina hakuwa na hela ya tandiko la dukani. Kashona la gunia, kalijaza maganda ya mahindi. Badru mbele ya watu wote: "Hilo tandiko au godoro la mgonjwa? Ukishindwa, mbio za Kibondo usitie mguu!"

Godoro la mgonjwa, Zuleha!

Safina akafumua mshono wa nyuma, kidogo tu.

Punda wa Badru alilazwa njaa ili awe mwepesi. Mbio zikaanza; kumfikia Safina kwa nyuma, akanusa maganda, akaanza kuyatafuna. Kupita hataki! Badru anapiga kelele, "Pita, we mnyama!" Punda anatafuna tu.

Safina kashinda. Akageuka taratibu: "Kibondo njoo, kaka Badru. Ila punda wako mlishe kwako, mimi si mama yake."