Nyumba ya Msonge ya Ma Koletha

Kibeta, Bukoba

Dada yangu Naomi,

Nakusalimu kutoka ng'ambo hii ya ziwa, wewe na wote walio juu ya kilima chetu. Kifua chako kinaendeleaje? Ulisema baridi ya Lushoto imekubana mwaka huu, nami huku nikajilaumu kwamba lile blanketi sikulituma mapema. Yule ng'ombe mkorofi je, ameacha mateke? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula ndizi asubuhi na ndizi jioni, na ukiniona utasema nimeolewa na mwanamke tajiri. Moyo ndio sina la kuusifia.

Barua yako ilifika na meli ya Mwanza. Unaniuliza juu ya nyumba ya marehemu baba, kwamba baba mdogo anataka ivunjwe ijengwe ya bati, na wewe umemjibu kuwa asiguse kitu mpaka Eliya aseme, maana Eliya ndiye mwenye kazi ya nyumba za kale. Barua hiyo nimetembea nayo mfukoni mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nilishindwa kukujibu, na kabla sijakujibu itabidi nikusimulie habari ya mama mmoja wa huku anayeitwa Koletha. Wahaya mwanamke wa heshima humwita Ma na mwanamume humwita Ta, kwa hiyo nami namwita Ma Koletha.

Unajua nililetwa huku kufanya nini. Serikali inataka watu wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mistari, shule na zahanati karibu. Sina ugomvi na hilo. Mama alitufia njiani akipelekwa hospitali kwa machela, na mtu aliyeshika machela ile hawezi kuidharau zahanati. Kazi yangu mimi ni hii tu: mahali penye kijiji cha zamani, niende kabla ya mafundi, niangalie nyumba mpya zitaharibu nini cha kale, niandike, wakubwa wasome na kuamua.

Nikapewa kijiji kimoja upande wa Muleba, kabla hujafika Rubya. Wenyeji wa pale hawajui wamekaa tangu lini, wanasema tangu ukoo uanze. Kila mtu nyumba yake imo katikati ya kibanja, yaani shamba lake la migomba na kahawa, na wafu wake wanazikwa humo humo. Ukitembea kibanjani kwa mtu unatembea karibu na babu zake, na hakuna atakayekuonyesha usipouliza. Nje ya vibanja kuna rweya, mbuga ya majani matupu ya kuchungia ng'ombe. Basi bwana mipango alikuwa amechora mistari ya nyumba mpya juu ya mgongo wa kilima, katikati ya vibanja, ikivikata nusu kwa nusu.

Nikamwambia aisogeze mistari ile rweyani. Akanijibu kwa upole kabisa, "Ndugu Eliya, rweya haioteshi mgomba, watu watalalamika. Lakini nionyeshe kitu cha kale kilichosimama, nitahamisha. Makaburi yasiyo hata na msalaba nitawaonyesha wakubwa nini?"

Hakuwa mtu mbaya, dada. Ningefurahi kama angekuwa mbaya.

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Dominiki, mzee mwembamba wa kucheka kwa pua, ndiye aliyenipeleka kwa Ma Koletha. Ni mjane, na nyumba yake ilikuwa msonge wa mwisho pale kijijini. Nyumba ya duara, imeezekwa majani kutoka kileleni mpaka chini, huoni ukuta. Unaingia umeinama. Ndani alikuwa ametandika majani mabichi sakafuni kwa ajili yetu, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nguzo zilikuwa nyeusi, zinang'aa kwa moshi wa miaka. Moja, ile iliyokuwa karibu na moto, ilikuwa na bonde laini katika kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi. Mumewe ndipo alipokuwa akiegemea kila jioni, na kabla yake baba yake. Niliweka kiganja changu pale nikasahau nilikuwa nataka kuuliza nini.

"Waitu, usiangalie juu," Ma Koletha akaniambia. Hilo waitu ni neno lao la heshima, kama kusema bwana wetu. "Nyumba ni ya kizamani, inavuja. Wanangu wa mjini wanaionea haya."

"Ma, hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nifike Bukoba."

Akacheka akaziba mdomo. Mimi nilidhani amefurahi. Huku, dada, mgeni aliyelelewa vizuri husifu kila kitu, hata ndizi zilizoungua, na mwenyeji mwenye akili husikiliza sifa zile akajua mwenyewe pa kurekebisha. Kadiri nilivyosifu ndivyo alivyozidi kuiona mbaya. Nami, kwa ulimi wangu huu uliokuwa ukimwudhi baba, nikaongeza, "Mvua zikiisha nitawaleta wakubwa wangu waje kuiona."

Ta Dominiki akamrudia maneno hayo kwa Kihaya, asipitwe na neno. Ma Koletha akanyoosha mgongo, akakaza kanga yake kiunoni, akatazama paa muda mrefu.

Nilirudi mjini nikaandika kwa moyo wote. Nikaeleza nguzo, bonde la mgongo, majani, makaburi yaliyoizunguka nyumba, moja moja na majina ya waliolala humo. Wakubwa wakajibu kwamba ikiwa nyumba hiyo ipo kama nilivyoieleza, mistari itashuka rweyani na kilima kibaki kama kilivyo. Siku hiyo nilitembea kutoka posta mpaka Kibeta naimba, mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kisha mvua ikashika. Barabara ya Muleba ikawa tope, Land Rover haikwenda popote, nami nikangoja bila wasiwasi wowote.

Tulipokwenda hatimaye, wakubwa wawili, bwana mipango na mimi, nilikuwa nimekaa mbele ili niwaonyeshe kilele cha majani kikichomoza juu ya migomba. Nikaona kitu kinametameta. Nikamwambia dereva tumepotea njia.

Hatukuwa tumepotea. Msonge haukuwepo. Palikuwa na nyumba ya pembe nne, ya matofali, bati jipya, chokaa mpaka kwenye vizingiti, na juu ya mlango mtu aliyejua kuandika alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu KARIBUNI WAGENI WETU. Ukoo mzima umesimama uani kwa nguo za kanisani. Wana wa mjini waliuza kahawa yao mapema, wakaitana, wakavunja na kujenga mvua ikinyesha, ili mama yao asiaibike mbele ya wakubwa wa serikali. Ma Koletha akanijia mbio mbio akanishika mikono yote miwili.

"Mgeni wangu, umeona? Ulinisitiri siku ile, hukutaka kuniambia. Lakini nilikuelewa."

Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, umeona alivyopona.

Mkubwa wangu mmoja akazunguka nyumba akigonga ukuta kwa kidole. "Ndugu Eliya, mbona ulituandikia majani? Hapa pana maendeleo." Mwenzake akasema hii ndiyo nyumba bora, wengine wote kwenye mistari wajenge kama hii. Bwana mipango alinitazama mara moja tu, akainamisha uso. Nadhani alinihurumia.

Tukakaribishwa chakula. Ndizi zilizopikwa na maharage, na senene wa kukaanga, wale panzi wa huku, maana ulikuwa msimu wao. Ma Koletha alijikalisha karibu nami, akawa ananisogezea sahani. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, zile nguzo wameziweka wapi. Nilikuwa na tumaini, dada. Nilidhani hata moja tu, ile ya karibu na moto, ningeweza kuwaonyesha ikiwa imelala nyuma ya jiko.

"Unazila," akasema, naye amefurahi kweli kweli. "Chakula cha wageni wakubwa kinataka kuni za heshima. Nguzo za mzee zimekauka vizuri, hazitoi moshi hata kidogo."

Akaniuliza kama nyumba imenipendeza. Nikasema imenipendeza sana, Ma. Nikamaliza sahani yangu, maana kuibakiza kungekuwa tusi.

Vigingi vilipigwa mwezi uliofuata. Mistari imebaki pale pale kilimani. Nyumba mpya ya Ma Koletha haitaguswa, imeandikwa kuwa ya mfano. Lakini nyuma yake, kwenye migomba, kigingi kimoja kimeangukia kaburi la mumewe, na nyumba ya jirani yake itajengwa juu yake. Nilimwendea bwana mipango. Akasema, "Uliniambia msonge. Msonge uko wapi?" Niliwaandikia wakubwa, wakajibu kwamba nilichokieleza hakikuonekana, na katika ripoti yangu ya pili niache maneno ya hisia. Sina ofisi nyingine ya kuiendea. Wenyewe kijijini wameanza kukata migomba kwenye mstari, na mgomba ukikatwa hausemi ulikuwa umesimama juu ya nani.

Juzi Ta Dominiki alikuja mjini, akapita hapa Kibeta na mkungu wa ndizi kutoka kwa Ma Koletha. Hakucheka kwa pua yake. Akasema yule mama amesikia habari ya kigingi, na hakulia. Ameagiza saruji kwa mwanawe. Kaburi la mumewe analijengea, analipaka chokaa, ataandika na jina kwa rangi ya bluu. Amewaambia watu kwamba wakubwa walipoona nyumba mpya waliipenda na hawakuigusa, basi wakiona kaburi jipya wataliacha pia. Anachoomba kwangu ni kimoja, niwalete tena waje kulitazama likikauka.

Mama mwenye nyumba akatuletea chai, tukaongea habari za bei ya kahawa.

Sasa swali lako. Paa la baba likivuja, lizibeni. Baba mdogo akishikilia kuivunja, sitamwandikia kumkataza, kwa sababu nimekwisha kuona maneno yangu yanavyozilinda nyumba. Zamani ningekujazia kurasa mbili za sababu. Leo sinazo. Nakuomba jambo moja tu. Nikipata likizo nikaja, usimwambie mtu kwamba anakuja mtu wa serikali. Msinitengenezee kitu. Msipake chokaa, msing'oe mlango ule mfupi unaotugonga vichwa tangu utoto. Nataka niinamishe kichwa niingie, basi.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya mguu nimeitafuta mpaka duka la wamisheni sikuipata. Nisalimie baba mdogo, bila kumwambia nilivyosema. Nisalimie yule bibi mkunga aliyetupokea sote wawili duniani, ikiwa bado anaona, na mwanao wa kwanza, ambaye nasikia sasa anasoma barua zangu kwa sauti kanisani kama waraka, hii asiisome. Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu, anasema mtu anayeandika barua ndefu kwa dada yake bado hajaharibika.

Na siku nitakayofika, Naomi, ukinipikia, nionyeshe kwanza kuni zimetoka wapi.

Ni mdogo wako, asiye na la kukupa safari hii ila habari,

Eliya