Pepo wa Mize

Baleni, 9 Mfunguo Tano 1320

Kwa Kombo, mjukuu wangu na mume wangu mtoro,

Salamu zikufikie huko Dar es Salaam. Hujambo? Kifua je? Unakula? Mimi sijambo, meno tu ndiyo yanazidi kuniaga. Anayeandika ni Mwalimu Hemedi. Nimemwambia asinipambie maneno, aandike yatokavyo.

Dada yako Mize anaumwa, na si homa. Yetu unayajua: Bwana Azizi alipokuwa akikata roho alituacha huru mimi na wewe, lakini Mize alikwisha kumtoa tunu kwa bintiye, Bi Jokha wa Chole. Basi kwenye arusi ya mwezi uliopita Mize alijitanda shela. Bi Jokha akamvua mbele ya wanawake wote: "Tangu lini mjakazi akajisitiri?" Wakacheka. Tangu siku ile amegeukia ukuta. Hali, halali, ananyonyoa nywele zake moja moja.

Wakamleta fundi wa pepo, wakapiga ngoma. Pepo akapanda, akasema yeye ni mwanamke wa Maskati, anataka shela, makubadhi ya miguuni, marashi, na kukalia kiti. Akapewa vyote siku saba! Mize akala, akacheka, na Bi Jokha mwenyewe akimwita "bibi". Siku ya nane wakamvua, wakamrudisha kwenye kinu. Siku ya tisa, ukutani.

Mimi sikusoma. Lakini pepo gani huyu, anayetaka vilevile alivyokatazwa mtu? Mwalimu anakohoa. Akohoe, aandike.

Bibi yako, Somoe


Dar es Salaam, 2 Mfunguo Sita 1320

Bibi, mke wangu wa kwanza, shikamoo,

Kifua kimepoa na ninakula, usinipeleleze. Hapa nashona viatu kwa fundi mmoja. Barua yako ilipofika nilimharibia ngozi, akanitukana hadi jioni.

Nahodha Shaibu anakuletea kifurushi. Ndani mna makubadhi, nimeyashona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mguu wa Mize nimeukisia. Usimpe Bi Jokha, usimpe fundi wa pepo. Mtilie Mize mkononi, umwambie: haya ni yako, si ya pepo. Kisha niambie kama amepona.

Mjukuu wako, Kombo


Baleni, 20 Mfunguo Saba 1320

Kombo, roho yangu,

Salamu. Kaa chini ndipo usome.

Nilimpa. Aliyapakata kama mtoto mchanga. Ijumaa akayavaa kwenda kisimani, mtungi kichwani, akapita mbele ya baraza ya Bi Jokha. Bi Jokha akaita: "We! Ni pepo huyo au ni wewe?"

Hata waliokuwa wakinunua samaki waligeuka. Jibu kila mtu alilijua. Angesema pepo, angeletewa kiti. Mize akasema, "Ni mimi, Mize. Kanishonea ndugu yangu."

Watumishi wakamlaza chini. Mbarouk, mtoto wa nyumba ile, akamchapa nyayo kwa bakora mpaka ngozi ikaachana. Makubadhi yakatiwa motoni, chini ya chungu cha wali. Bi Jokha akamwambia, "Pepo nitampa akitakacho. Wewe sina cha kukupa."

Nimemwosha miguu. Nikimwita jina lake anafumba macho. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema kweli. Bora ningemfundisha kuiba. Nawe usijilaumu. Hapana, jilaumu kidogo, nami nijilaumu kidogo, tugawane.

Bibi yako


Dar es Salaam, 8 Mfunguo Nane 1320

Bibi, shikamoo,

Mimi mzima wa mwili. Nimeuliza huku na huku. Serikali ya Mdachi humpa hati ya uhuru mtumwa aliyejeruhiwa na bwana wake. Sharti afike mwenyewe kwa karani, aonyeshe majeraha, ataje jina lake kwa kinywa chake. Majeraha anayo. Limebaki jina tu, Bibi. Hata kama ni kumbeba, mbebe. Nimeshapanga chumba cha watu wawili.

Mjukuu wako, Kombo


Baleni, 3 Shaabani 1320

Kombo, mume wangu, salamu,

Nimechelewa. Maneno sikuwa nayo, na Mwalimu hakuwa na ya kuniazima.

Tulikwenda, Bi Jokha alipokuwa matangani Kiegeani. Shaibu alimbeba Mize mgongoni. Karani hakuwa mtu mbaya, alitutandikia mkeka. Akazitazama nyayo, akatikisa kichwa, akachovya kalamu. "Jina lako?" Mize akageukia ukuta. "Jina tu, mwanangu." Nikamfinya. Nikamwambia, "Sema Mize, mara moja tu, nikupeleke kwa ndugu yako."

Akajitanda kanga kichwani, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya wenye nyumba: "Mize amechapwa, amekufa. Mimi ni mwanamke wa Maskati. Kiti changu kiko wapi?"

Karani akamwuliza mara tatu. Kisha akaniambia, "Mama, mtu asiyekuwapo siwezi kumwandikia hati." Nikamwambia, "Andika! Mimi namjua, nilimkata kitovu!" Akafunika wino.

Bi Jokha sasa hamchapi. Amchapie nini? Watu wanatoka mpaka Bwejuu kumletea pepo kuku na marashi, na kuku wanaliwa na wenye nyumba. Mize anakalia kiti, shela kichwani. Amenenepa. Uliniuliza kama amepona. Kule wanasema amepona.

Juzi nilikwenda kumwona. Mlangoni nikaambiwa asiyemwamkia haingii. Nikachutama, nikamshika miguu, makovu bado yapo, nikayapapasa, nikamwambia mjukuu wangu shikamoo. Akasema marahaba. Nikamtazama machoni nimtafute. Akanipa kipande cha halua: "Chukua, bibi kizee, nenda zako."

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikakila palepale miguuni pake, Kombo, na kilikuwa kitamu, nikakimaliza.

Bibi yako, Somoe