Nilimwambia hana kichwa, na mimi mwenyewe sikujua

Mama Tania, mshauri wetu wa gazetini,

Ninakuandikia kutoka Swima nikiwa nimeegemea mito, kwa sababu nikilala chini pumzi inakatika, moyo umechoka na miguu imejaa maji, daktari wa hospitali ya Nundu alinieleza hali yangu kwa upole na mimi nikamwelewa, kwa hiyo nisamehe kama mwandiko unayumba, na naomba unisaidie kabla sijaondoka, maana jambo lenyewe naona haya kulitaja hata kwa padri.

Swali langu ni dogo na pengine utacheka. Mtu asiyejua kitu, anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa kujifurahisha tu, si kwa kutafuta kazi, aanze na lugha gani?

Sasa nikueleze kwa nini mzee kama mimi anauliza hivyo. Nilifundisha hisabati maisha yangu yote, section ya Math-Physique, yaani mchepuo wa hisabati na fizikia, na huku kwetu mtu aliyefundisha Math-Physique anaitwa Mwalimu mpaka kaburini, anaulizwa kila kitu, dawa ya kuku, mpaka wa shamba, jina la mtoto aliyezaliwa jana. Mwaka jana Roger, fundi wa simu pale mjini Baraka, alipata kompyuta za zamani, akaomba chumba katika shule moja, akaalika watu wazima waje Jumamosi mchana kujifunza programu, kwa raha tu, kama wengine wanavyokwenda kuimba kwaya. Siku ya kwanza wakabishana kuhusu lugha, huyu anataka Python, yule anataka JavaScript, basi Roger akanifuata kwa pikipiki, wakanipa kiti cha mbele.

"Mwalimu, we njo ulisoma," akaniambia. "Tuambie tuanze na gani, batu basipoteze wakati."

Mama Tania, sikuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kozi ya Bukavu enzi za ujana wangu, ambapo lugha iitwayo C iliandikwa ubaoni na mashine yenyewe hatukuiona. Ningeweza kusema sijui. Lakini watu walikuwa wananitazama, na neno sijui sikuwahi kulisema mbele ya darasa, nikasema C, kwa sauti ile ya zamani, tena nikaongeza kwamba lugha ngumu ndiyo ya kuanza nayo kwa sababu inachekecha, wenye kichwa wanabaki na wengine wanajijua mapema. Ndivyo tulivyofanya shuleni, tuliwabana wanafunzi kwa makusudi ili darasa lipungue kabla ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hakuna aliyenipinga, Mwalimu hapingwi mbele ya watu, na Roger, ambaye baadaye nilisikia alikuwa ameshaandaa masomo ya Python, aliyaweka kando akaanza na C.

Kati yao alikuwepo mama mmoja wa Baraka, nitamwita Waridi ingawa si jina lake, anayedarizi kofia za kanzu, na kofia zake zinajulikana. Alisema anataka mashine imchoree maua ya kofia kabla hajayashona, aone duara likijirudia. Sasa hiyo C inadai mabano yaliyopinda yanayoitwa akolade, karibu kila mahali, na kwenye mashine yake kitufe cha kuyatoa kilikuwa kimekufa, akawa anayatafuta kwenye kazi ya Jumamosi iliyopita, anayanakili, anayabandika, na akisahau moja tu hakuna kinachokwenda. Wiki baada ya wiki, hata duara moja halijaonekana.

"Mwalimu, hii alama iko wapi?" aliniuliza Jumamosi moja nilipokwenda kuwatazama.

"Tafuta mwenyewe. Hiyo njo kujifunza."

Nami sikujua iko wapi. Nilisimama nyuma yake na mikono mgongoni, kama mkaguzi. Alipouliza tena, na watu wakageuka kutusikiliza, niliogopa nitagunduliwa, nikasema kwa sauti, "Mama Waridi, hii kazi haiko ya kila kichwa. Rudilia kofia zako." Wanaume wakacheka. Yeye akafunika mashine kwa kitambaa chake taratibu, akasema asante Mwalimu, na hakurudi.

Tangu ugonjwa uniweke ndani, binti yangu Dorothée aliniachia kompyuta yake, na humo nikaikuta Python, nikaanza kuichezea kwa siri kama mtoto anayeiba sukari. Ndani yake kuna kitu cha kuchora, unaambia kalamu iende mbele, igeuke kidogo, irudie. Mistari michache. Nilipobonyeza, ua likafunguka kwenye kioo, petali kwa petali, hadi likazunguka kamili, na lilikuwa kichwa cha kofia ya Waridi hasa. Kile alichokuja kukitafuta angekipata Jumamosi ya kwanza. Niliifunga mashine, Dorothée akadhani nimezidiwa.

Kibaya zaidi, wiki iliyopita Waridi alikuja kuniona mgonjwa. Aliniletea uji wa mchele, akakaa karibu na kitanda, akasema, "Mwalimu, uliniambia kweli. Hata batoto bakiniuliza juu ya simu, minabaambia, mama yenu hana kichwa ya mashini, muulize muntu mwengine." Alisema akicheka, na mimi nikanywa uji wake, nikamrudishia bakuli.

Kwa hiyo nishauri. Niendelee na Python, au nirudi kwenye C niishike vizuri kwanza, au nijaribu na JavaScript ambayo wengine wanaisifu, ili siku nikimwita Waridi niwe mtu anayejua kweli, niweze kumfundisha kwa heshima? Na je, ni lazima nimwambie yote, au inatosha nimpe Roger ule mchoro ampelekee, bila maneno mengi?

Mwalimu wa Swima

*

Mwalimu,

Pole kwa ugonjwa. Nasema pole ya kweli, na baada yake nitakugombeza, kwa hiyo kaa vizuri kwenye mito yako.

Swali la lugha nitalijibu kwanza kwa sababu kuna wasomaji wengine wanaolihitaji. Anayejifunza kwa kujifurahisha asiulize lugha ipi ina heshima. Ajiulize anataka kutengeneza nini, na ni lugha gani itamwonyesha kitu kabla hajachoka. Anayetaka kuchora, kuhesabu, kuchezea mambo yake ya nyumbani, Python inamfaa. Anayetaka kitu kinachofunguka kwenye simu ya jirani kama ukurasa wa mtandao, achukue JavaScript. C ni lugha nzuri kwa anayetaka kujua mashine inavyofanya kazi ndani, na wapo wanaoanza nayo wakaipenda, ila waliichagua wenyewe. Tena aangalie nani yuko karibu wa kumsaidia akikwama, maana mtaalamu aliye mbali hawezi kukuonyesha kitufe. Akishachagua, atulie na moja, asiruke kila wiki. Kwako wewe ni Python, iko hapo kitandani na umeshaanza.

Sasa tuzungumze.

Watu walikuja Jumamosi kufurahi, ukawapa Examen d'État. Mtu hachekechwi kwenye jambo la kujifurahisha, Mwalimu. Unamchekecha ili abaki nani? Kosa la kuchagua C ni dogo, hata Roger alikuwa na mdomo na hakuutumia. Lakini ulisimama nyuma ya mwanamke anayetafuta alama ambayo wewe mwenyewe huijui, ukamfanya aone haya badala yako. Na sasa anaibeba ile haya nyumbani kwake, anawagawia na watoto. Uji ulikuwa wa moto, nafikiri, na ulishuka vizuri.

Nakuonea huruma, maana ungeweza kufa na siri hii na Baraka nzima ingekusifu kaburini. Umeandika. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye hajawahi kusema sijui.

Ila nimeona unachofanya. Unataka ujue kwanza, halafu ndipo umwite. Unataka uende kwake na cheti mkononi, umsamehe kwa kushindwa na umfundishe. Kwa moyo ulionielezea, hutapata muda wa kuimaliza lugha yoyote, na hata ungeupata, Waridi hahitaji mwalimu anayejua. Anahitaji kusikia kwamba siku ile aliyemwambia hana kichwa hakujua pia. Na mchoro usimpe Roger. Ukifika bila maneno yako, Waridi ataona tu kwamba Mwalimu ameweza na yeye alishindwa, na utakuwa umemfunga mara ya pili.

Halafu nikuambie. Umebadilisha jina lake, lakini anayedarizi kofia na aliyeacha darasa la Roger ni nani mwingine pale Baraka? Atajitambua kwenye mistari ya kwanza. Ndiyo maana barua yako niliizuia, toleo lililopita halikuwa nayo, nikampigia Dorothée nikamsomea jibu hili lote ili akusomee wewe. Nilitaka ufike kwa Waridi kabla ya gazeti.

Basi fanya hivi. Mwite mchana, ukiwa na pumzi. Dorothée awepo, na Roger pia, kwa sababu neno lako ulilisema mbele ya watu. Mwambie, kwa Kiswahili cha nyumbani bila Kifaransa cha darasani, kwamba uliulizwa alama iko wapi na ulikuwa huijui. Usiongeze sababu. Usitaje ugonjwa, asije akakusamehe kwa huruma. Akikasirika, mwache akasirike, hasira hiyo ni haki yake na amechelewa kuipata.

Akikubali kukaa, usimwonyeshe ua ulilochora wewe. Lifute. Mfungulie ukurasa mtupu, sogea ukutani, umpe yeye mashine, umuulize kofia yake ina petali ngapi. Ukikwama mahali, na utakwama, lile neno ambalo hukuwahi kulisema mbele ya darasa, litamke.