Bahari Niliyoiiba Ukutani

Witeithie,
Jumapili baada ya kanisa

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Wakesho, ambaye sasa hivi amelala kifudifudi na kiatu kimoja mguuni. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka kila siku, ama ni wageni wakiwepo tu? Sisi ni wazima. Shingo inaniuma na mikono ni kama ya mtu aliyetwanga mahindi wiki nzima, lakini huo si ugonjwa, ni kazi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ukiniambia jambo mara tatu mimi hukubali. Uliniambia kazi hii ya shule ikiharibika nimlete Wakesho huko Taveta, umlee mpaka nisimame. Nikakubali. Sasa usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Kazi ilikaribia kuharibika, sitakuficha. Ni shule ndogo ya kibinafsi hapa karibu. Mwenye shule, ambaye kila mtu humwita Madam, alitaka ramani ya dunia kwenye ukuta unaotazama geti. Mimi nimezoea kuandika vibao vya hoteli na bucha. Ramani hii ilikuwa ya kwanza. Lakini njia ni ile ile. Unachora miraba kwa penseli juu ya karatasi ya ramani, unapiga miraba mikubwa ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Nilianza kulia na Australia, nikaja Asia, nikafika Afrika yetu. Hapo ndipo nikaona ukuta hautoshi. Kumbe sikuwa nimehesabu bomba la maji ya mvua linaloshuka pembeni mwa ukuta. Miraba miwili imekosa pa kukaa.

Fundi aliyenifunza kule Ruiru alikuwa akisema, ukuta ukipunguka, iba kwenye nafasi, usiibe kwenye herufi. Nikaangalia kati ya Afrika na Amerika, hakuna kitu, ni maji tu. Nikaiba hapo. Nikaisogeza Brazil mpaka bega lake likaingia kwapani mwa Afrika, pale chini ya Nigeria, na liliingia vizuri hata nikajisifu.

Saa nne Madam akaja, akasimama chini ya ngazi.

"Mama Wakesho, bahari imeenda wapi?"

"Bahari gani, Madam?"

"Atlantiki. Hapa mtu anatoka Nigeria anaingia Brazil bila kulowesha soksi."

Nikamweleza habari ya nafasi na herufi. Hakucheka. Akasema nifute, nirudie yote kwa rangi yangu mwenyewe, ama nishuke kwa ngazi niende. Rangi gani, Mama? Nilikuwa na nusu kopo la bluu. Nikamtazama Wakesho akinywa uji na mpishi pale mlangoni pa jikoni, nikaanza kupanga kichwani nguo zake zitakazoingia kwenye begi.

Wakati huo Mwalimu Njoroge wa gredi ya saba alikuwa akipeleka watoto uwanjani. Akasimama, akainamisha kichwa upande, akaanza kutabasamu peke yake.

"Madam, huyu hajakosea," akasema. "Amechelewa tu."

"Amechelewa vipi?"

"Mamilioni ya miaka. Dunia ilikuwa hivi."

Akawaketisha watoto kwenye nyasi, nami nikabaki juu ya ngazi nikisikiliza. Unajua niliishia kidato cha pili, haya sikuyafikia. Anasema hapo zamani nchi kavu zote zilikuwa pamoja, kama sima kwenye sinia kabla ya mkono wa kwanza. Zikapasuka. Na vipande havijatulia hata leo, kwa sababu chini kabisa mwamba una joto jingi na unajongea polepole, nao unavibeba. Kuna mnyama mdogo kama mjusi ambaye mifupa yake iko ndani ya mawe ya Brazil na ya kusini mwa Afrika, na hakuwa wa kuogelea bahari yote ile. India nayo ilikuwa huku kwetu, ubavuni mwa Madagaska. Iliondoka ikaenda kugonga Asia, ardhi ikajikunja, ikawa ile milima mirefu kuliko yote.

"Vinaenda kasi gani, tichaa?" msichana mmoja akauliza.

"Kama kucha zako zinavyokua."

"Basi za Kevo ziko mbio," mwingine akasema, na Kevo akaficha mikono.

Madam akauliza, "Na mzazi akikuja kuangalia shule, nimwambie hii ni ramani ya lini?"

"Mwambie hapa tunafundisha kuanzia mwanzo."

Madam akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta upya. Halafu akasema ataleta rangi, niichore kwanza ramani ya leo kwenye ukuta wa bwalo, kisha niimalize hii ya zamani sawasawa na niiandike jina juu. Nimezimaliza zote mbili. Nimeirudisha India huku, na Madagaska nimeibandika pembeni. Bluu ilikuwa inaisha nikaichanganya na nyeupe, kwa hivyo bahari ya zamani imetoka kama maziwa yaliyotiwa maji. Wenye shule moja ya jirani, huko Theta, wamezitazama, wameniita muhula ujao nichore kama hizo. Madam naye amekubali Wakesho akae na watoto wa chekechea ninapofanya kazi hapa, mbali na harufu ya rangi uliyonilalamikia.

Kwa hivyo, Mama, Wakesho hatakuja kukaa huko. Najua ulisema kwa mapenzi. Nami nakataa kwa mapenzi.

Jambo moja nilimwuliza Mwalimu pembeni. Anasema Afrika yenyewe inapasuka taratibu, kule Bonde la Ufa. Nikauliza Taveta itabaki upande gani na Witeithie upande gani. Akasema zote ziko mashariki, kipande kimoja. Nilifurahi kama mjinga, utadhani ni wiki ijayo.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi pale sokoni, Baba Mdogo pale kwenye duka lake la kinyozi, na kaka, mwambie akupeleke kliniki bila kusukumwa. Yeye ndiye aliyeniambia umeshamtandikia Wakesho kitanda. Usikitandue. Disemba tutakilalia wote wawili, halafu tutarudi wote wawili.

Ni mimi mwanao,
Dorcas