Kiwiko Chako Kilipanda

Egesa, ndugu yangu,

Wanataka kulichonga jina lako mezani, na anayewachelewesha ni mimi. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana tangu uondoke wamekufuata watu kadhaa kutoka Busia hii, na unajua midomo yao.

Meza ya zamani ilivunjika wiki tatu baada ya kukuzika. Madereva wawili wa malori ya simenti walikuwa wanavutana mkono, viwiko mezani, kila mmoja akitaka kuulaza wa mwenzake, mguu mmoja wa meza ukakatika, basi. Wapakiaji wakachanga mbao na seremala akatengeneza nyingine, nzito, miguu imefungwa kwa nati. Ndipo mmoja wao akatoa wazo kwamba meza mpya ichongwe jina la mtu mzito aliye mkubwa kuliko wote waliowahi kuiweka mikono yao pale. Mimi nikajiuliza papo hapo, kwa nini sasa? Kwa nini hawakuuliza ulipokuwa hai, umeketi pale pale na mkono wako mwenyewe? Unanijua. Mtu akinisalimia mara mbili kwa asubuhi moja naanza kupapasa mifuko.

Ubishi umekula Jumapili tano. Watu wanatoka kanisani, hata nyumbani hawapiti, wanakuja kubishana na Biblia zikiwa kwapani. Wazee wanamtaja Kreni, yule dereva wa lori la mafuta ambaye wanasema aliwaangusha watu sita mchana mmoja, na katikati akala mkungu mzima wa ndizi. Nimewachunguza wanaoapa kwamba walimwona kwa macho, na wengi wao wakati huo walikuwa bado wananyonya. Watu wa Tororo wanamtaja Othieno wa Mwello, miaka saba mgongo wa mkono wake haukugusa mbao. Watu wa Busia wanasema ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeugusisha. Vijana walileta simu zenye video za watu wa ng'ambo wenye mikono minene kama mapaja. Wakaulizwa kama hao watu wamewahi kubeba gunia la kilo mia kutoka kwenye lori hadi stoo bila kulitua. Hakuna aliyejua. Na kwa kuwa pale kwetu uzito wa mtu haupimwi kwa mizani, unapimwa kwa gunia hilo, watu wa simu wakaondolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Wakabaki wawili, wewe na Othieno. Na mlikutana mara moja tu. Basi vichwa vyote vikanigeukia mimi, kwa kuwa siku ile mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kiwiko, mwamuzi anayehakikisha kiwiko hakiinuki mezani.

Unakumbuka nilivyopewa kazi hiyo? Kila mashindano yalikuwa yanaishia kwa ngumi. Tororo wanasema Busia wameiba, Busia wanasema Tororo hawajui kushindwa, mpaka askari wa mpakani wakatishia kuichoma meza. Ndipo wazee wakakata shauri kwamba anayechunga kiwiko lazima awe mtu wa damu mbili, baba wa huku na wajomba wa kule, ili akidanganya awe amemdanganya mtu wake mwenyewe. Baba yangu ni wa Busia, mama yangu ametoka Kirewa, upande wa Tororo. Juu ya hayo mimi ni fundi wa baiskeli. Kazi yangu kutwa nzima ni kuzungusha rimu na kutazama nafasi kati yake na breki, nafasi nyembamba kama ukucha. Walisema jicho hili kiwiko hakiwezi kulitoroka. Wewe ndiye uliyepiga makofi ya kwanza.

Na kweli hakikulitoroka. Leo nalisema kwa maandishi, Egesa. Kiwiko chako kilipanda. Mlikuwa mmekwama katikati, jasho linadondoka juu ya kile kipande cha gunia tunachowekea viwiko, ukageuza kifundo chako ili umfunike vidole, na hapo kiwiko kikaacha gunia. Upana wa kidole. Nilitakiwa kusema simama, mrudi mwanzo, mshikane upya. Hiyo tu, wala usingekuwa umeshindwa. Nilifungua mdomo, nikakutazama usoni, na sauti haikutoka. Nilikuwa nakupenda kuliko nilivyoipenda kazi ile. Nilipopata pumzi, mkono wa Othieno ulikuwa umelala, na watu wa Busia walikuwa wamekubeba juu pamoja na mbuzi wako wa ushindi.

Wewe hukusema neno. Mimi sikusema neno. Jumapili iliyofuata ukaninunulia chai na chapati, na iliyofuata, na iliyofuata, miaka kumi na moja. Sasa nikuambie jambo baya. Kila kikombe nilikinywa huku nikikutazama kwa pembe ya jicho. Nilijiambia kwamba huyu anajua nilimwona, na hii ni chai ya kunifunga mdomo. Ukicheka na mimi, nauliza moyoni kicheko hiki ni cha nini. Ulipokuja kunijengea jiko upepo ulipoliezua, nilikushukuru mchana, halafu nikakaa usiku mzima nikiwaza unaogopa nini mpaka unanijengea jiko. Hata yule mbuzi nilikuwa nimekuwekea kinyongo. Ulisema alikwenda kwa ndugu, na mimi nikaamini mmemla huko kwenu Masaba bila kuniita.

Halafu presha ikakuangusha umeketi, na sikuwa nimekuuliza.

Kwenye mazishi Othieno alikuja. Amezeeka lakini bado anajaza mlango. Alitupa udongo kaburini, akasimama pale muda mrefu kuliko wenye msiba, kisha akaja akanishika mkono na hakuuachia. Hakusema hata pole. Alinitazama tu, mimi, katika watu wote wale. Nikajua amekuja kunipima. Kwa hiyo habari ya kuchonga jina ilipoanza, na nikasikia kwamba amealikwa naye, niliona njama imekamilika. Wanasubiri nitaje jina lako mbele za watu, halafu yeye ainuke aseme kiwiko kilipanda na mtu wa kiwiko alinyamaza. Jina lako lifutwe siku linapochongwa, na mwanao awe amesimama pale.

Basi nikaamua nimtangulie. Juzi nilipanda baiskeli asubuhi, nikavuka mpaka, nikapita Tororo, nikafika Mwello. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mkewe. Walinikaribisha vizuri mno, na hilo nalo sikulipenda. Uji waliouleta niliuacha upoe nikisubiri wao waanze kunywa. Mwishowe nikamuuliza moja kwa moja alichokuja kutafuta kwenye kaburi la rafiki yangu.

Othieno alipukuchua hindi lake likaisha. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kule, "Kiwiko ilitoka juu. Mimi naona, yeye naona, wewe naona."

Nikadhani sasa linakuja. Lakini akaendelea kwa sauti ile ile ya kupukuchua mahindi. Alisema ulikwenda kwake siku ya tatu baada ya mashindano. Ulifika na mbuzi amefungwa nyuma ya baiskeli, ukakataa kiti, ukasema kiwiko chako kilipanda na mbuzi ni wake, na Jumapili utasimama mezani uwaambie watu wote. Yeye ndiye aliyekukataza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia njia nzima ili nisiyapoteze: "Namwambia wacha. Ukisema, ile kijana ya kiwiko natolewa. Na hapa hakuna mwingine wa damu mbili mwenye watu naamini. Meza nakufa. Afadhali mimi nashindwa."

Na wewe, alisema, ulilia. Ukamwomba jambo moja tu, kwamba nisijue kuwa mnajua, kwa sababu mimi ni mtu wa kuona haya na ningeacha kuja.

Sikumwamini. Nisamehe, lakini sikumwamini. Nilimwambia mtu yeyote anaweza kutunga habari ya mtu aliyekufa. Mkewe akacheka kidogo, akasema baiskeli yenyewe ilifika imelegea gurudumu la nyuma, inayumba kama mlevi, kwa sababu mbuzi alikuwa na mimba na njia ilikuwa ya mawe. Walitaka kukutafutia fundi pale pale Mwello. Ukasema hapana, unaye fundi wako Busia, mwingine haigusi.

Egesa, hapo nikaweka kikombe chini. Gurudumu lile nililinyoosha mimi. Spoki tatu zimekatika, rimu imeliwa upande, matope mekundu yamegandia hadi kwenye ekseli. Nilikuuliza umebeba nini, ukasema makaa. Nikakutania kwamba makaa gani yanaacha manyoya kwenye kamba. Nilijua kabisa unanificha kitu, na nikaongeza hilo kwenye mzigo wa mambo yako ninayoyashuku. Nililizungusha gurudumu lile mchana mzima mpaka likatulia. Lilikuwa limetoka kukupeleka Mwello, ukanitetea huko, na mimi nimeliinamia huku nakusengenya moyoni.

Nililia kwa watu, mtu mzima. Othieno alitazama pembeni. Aliniambia jambo jingine pia, kwamba kiwiko kilipopanda mkono wake ulikuwa umeshakufa ganzi, na hata mngerudi mwanzo ungemlaza. Hilo sijui nilishike vipi. Huenda ni kweli, huenda alinihurumia. Nilimtazama sana usoni na sikuona kitu, na kama kuna aliyetafuta ni mimi.

Jana Jumapili nikaenda mezani. Sikumngoja Othieno, ingawa alikuja na alikuwa amesimama nyuma. Mwanao alikuwepo, amevaa lile shati lako la mistari, linamning'inia. Nilimvuta kando kwanza nikamweleza yote, kwa sababu ni haki yake kusikia kabla ya soko zima. Alikunja mikono ya shati lile, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akaniambia sema. Nikapanda juu ya kreti la soda nikasema kiwiko cha Egesa kilipanda, mimi nilikiona, nikanyamaza. Nikasema pia kwamba alikwenda mwenyewe Mwello kukiri, na aliyenyamazishwa kwa ajili yangu ni yeye, na Othieno yuko hapa mumuulize.

Walimuuliza. Akaitikia kwa kichwa tu.

Kelele zake sikuelezi, unaweza kuzisikia huko huko. Watu wa Tororo walisema walijua siku zote, nao hawakuwa wanajua kitu. Watu wa Busia walisema nimenunuliwa. Mmoja aliuliza kwa sauti nimepewa nini huko Mwello, na nikatamani kucheka, kwa sababu lilikuwa swali langu, ningeliuliza mimi kama angekuwa amesimama mwingine pale. Mwenyekiti wa wapakiaji akaja akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kile kipande cha gunia. Nimekichunga miaka yote hii, nakifua mwenyewe, naanika mwenyewe, na alikipokea kama mtu anayepokea tiketi. Sasa wanatafuta mtu mwingine wa damu mbili. Kuna binti mmoja anayeuza mayai, baba yake wa Mwello na mama yake wa huku Busia, wanasema ana jicho. Nilimtazama na nadhani atawafaa, ingawa anacheka na kila mtu na hilo linanitia wasiwasi.

Nimeacha kukushuku, Egesa. Nimeacha nikiwa nimechelewa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko gunia, kuliko kelele, kuliko watu wanaopita sasa na baiskeli zao mbovu mlangoni kwangu bila kusimama. Ulikuwa rafiki yangu kweli kila siku, na mimi nilikuwa rafiki yako nusu siku, nusu nyingine nikikupeleleza. Nakukosa. Jumapili zimekuwa ndefu na sina wa kumwambia mambo ninayowashuku watu.

Jina halijachongwa. Walipotulia kidogo walirudi kwenye ubishi wao, Kreni akafufuliwa, Othieno akapandishwa, ukashushwa, ukapandishwa tena. Mwenyekiti akaitisha kura za mkono. Nikanyoosha wangu, nikasema mtu mzito mkubwa kuliko wote waliokaa meza hii ni Egesa wa Masaba. Wakaniambia nishushe mkono, kura ya mwongo haihesabiwi.

Lala salama, ndugu yangu. Jumapili ijayo watapiga kura tena. Nitakuwepo, na nitaunyoosha.

Wako,
Wandera, fundi