Majina Yalisogea, Majibu Yakabaki

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ungekuwa hai ungenigombeza kwa kuanza barua bila kukuamkia.

Ile siku unaikumbuka? Saluni yako pale Randburg, Johannesburg, mteja amekaa, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, nami nimekuja na kompyuta mapajani, nimevimba kichwa. Chama chetu cha kuzikana cha watu wa Kigoma kilikuwa kimeacha daftari, nikakitengenezea fomu ya mtandaoni. Kila familia inaandika watu wake, mstari mmoja kwa kila mtu, na mbele ya jina unachagua akifariki azikwe wapi. Kuongeza mtu, unabonyeza. Kumtoa, unabonyeza. Nilivionea fahari vile vitufe kama vile nimevizaa.

Ulianza na mumeo, kwa mazoea tu. "Huyu Kigoma, kwa mama yake." Mstari wa pili ukajiandika wewe. "Mimi niacheni hapa hapa Joburg na Stela wangu. Nilimzika mwenyewe, siwezi kumwacha mtoto peke yake." Kisha ukacheka. "Eish, na huyu mwanamume mtoe, bwana! Miaka mitatu hata kubipu?" Nikabonyeza, akatoka. Mteja naye akacheka, ukarudi kwenye kichwa chake.

Mama mdogo, majina yalisogea, majibu hayakusogea. Kila jibu nilikuwa nimelifunga kwenye namba ya mstari, sikulifunga kwa mtu mwenyewe. Mumeo alipotoka, jina lako lilipanda mstari wa kwanza, likaikuta "Kigoma" ya mumeo pale pale. Jibu lako likabaki chini, halina mtu. Ni kosa la mwanafunzi, na mimi watu wananiita fundi.

Hilo pengine ningejisamehe. Siwezi kujisamehe la mkutanoni, siku mbili baada ya wewe kututoka. Mwenyekiti aliniuliza, "Haya kijana, mfumo unasemaje?" Nikasoma: Kigoma. Hapo hapo sauti yako ikanijia, niacheni hapa hapa, wazi kabisa. Nikafungua mdomo. Nikawaangalia wale wazee waliogoma kuacha daftari, nikaona aibu kusema kazi yangu huenda ina kasoro. Nikajiambia labda ulibadilisha baadaye. Nikanyamaza, ukasafirishwa.

Mwezi uliopita fundi cherehani mmoja wa Alexandra akaja juu: amemtoa mama mkwe kwenye fomu, sasa mkewe ana majibu ya mama mkwe. Nikafungua kazi yangu, nikaona. Kurekebisha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kila mtu nikampa alama yake mwenyewe, na jibu lake likafungwa kwenye alama hiyo, mistari isogee isisogee. Nikalia pale pale ofisini mpaka mwenzangu akafunga mlango.

Chama nimekiambia. Wamenisema sana, na nilistahili. Kukufukua wamekataa. Akabaki Bibi, mama yako, ambaye tangu uzikwe hupiga simu kila Jumapili kunishukuru kwa kumrudishia mwanawe. Anasema anafagia kaburi lako kila asubuhi, halafu anakaa kidogo mnazungumza. Nilikuwa naitikia tu, "Ndiyo Bibi, ndiyo Bibi," huku nafsi inanisuta.

Jana nilimweleza yote. Hakunigombeza, Mama mdogo. Laiti angenigombeza! Aliuliza tu, "Na Stela, nani anamfagilia?"

"Mimi, Bibi," nikasema.

"Asante, mjukuu wangu. Mungu akuzidishie."

Nisamehe. Sijawahi kwenda hata siku moja. Kaburi lenyewe silijui liko upande gani; aliyejua ni wewe peke yako.

Ni mimi,
mtoto wa dada yako